Joho Lililokatwa Kabla ya Kura

Mjomba wangu ni fundi cherehani wa bunge, na kama hukujua kwamba bunge lina fundi cherehani, basi sasa umejua. Anashona mapazia, anabadilisha zipu za waheshimiwa walionenepea vikaoni, na kila baada ya uchaguzi mkuu anashona joho la Spika. Kwenye korido wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake.

Joho lile lina utaratibu wake. Spika anachaguliwa na wabunge wenyewe, kwa kura ya siri, siku ya kwanza wanapokutana, katibu ndiye akiongoza kikao kwa sababu kiti kikubwa bado hakina mtu. Akishapatikana anaapishwa siku hiyohiyo, anavishwa joho, anakaa. Muda wa kushona haupo. Kwa hiyo fundi huwapima wagombea wote mapema, hushona joho refu la kumtosha yeyote, na pindo hulishikiza kwa uzi tu. Matokeo yakitangazwa, wabunge wanatoka kunywa chai, naye anakata kwa kimo cha mshindi. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia mkasi usitangulie kura.

Safari hii wagombea walikuwa watatu. Kulikuwa na Pipa, mfupi wa kimo na mnene wa sauti, ambaye kila mtu alisema kiti ni chake. Kulikuwa na mzee mpole aliyegombea kila mara, akashindwa kila mara, na wala hakumnunia mtu. Na kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, mrefu mpaka mlango wa chumba cha mavazi aliuingia kwa kuinama.

Mama huyo alifika kupimwa siku ya mwisho, mjomba akiwa anakula. Mjomba hakuinuka.

"Nimekuja kupimwa, fundi."

"Mama, usijisumbue," alimjibu, mdomo umejaa. "Joho limeshapata mwenyewe. Nenda kapumzishe miguu."

Mama akasema, "Haya," akaondoka. Mjomba akaenda kuisimulia kantini, watu wakacheka, na kicheko cha watu kikamlevya. Akarudi akalikata joho kwa kimo cha Pipa, pindo akalipitisha kwenye cherehani kabisa, akalipiga pasi na kulitundika dirishani ili wapita njia walione. Nyumbani mkewe alimwambia, "Baba, unakata mbeleko na mwana hajazaliwa." Akajibiwa kwamba mwana huyu tayari ana ndevu.

Siku ya kura alitutafutia vibali, mimi na mkewe, tukakae juu kwenye viti vya wageni tuione kazi ya mikono yake. Duru ya kwanza hakuna aliyevuka nusu ya kura. Yule mzee mpole akawa wa mwisho, akatolewa, na katika duru ya pili watu wake wote wakahamia kwa mama. Katibu alisoma matokeo, kisha akayarudia, maana ukumbi haukuwa umemwelewa. Mkewe mjomba alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Lile joho je?"

Huko chini, wabunge wakinywa chai, mjomba alifumua pindo lote na kupata upana wa vidole viwili. Kitambaa kilichokatwa hakiungwi, hasa kwenye joho la Spika. Alimpelekea mama hivyohivyo, na mama akainama ili amfikie mabega.

Ni desturi Spika mpya avutwe na wabunge hadi kitini huku akijifanya anakataa. Basi walimvuta mbele yetu wote, joho likimwishia magotini kama aproni. Upande wa Pipa uliangua kicheko, na mmoja akauliza ni nani aliyemnyoa Mheshimiwa. Mkewe mjomba akafungua mkoba wake na kutazama ndani kana kwamba amepoteza kitu. Mimi niliona aibu kuwa damu yake.

Mama alikaa, akasubiri wanyamaze.

"Naona mnalitazama joho," alisema. "Nilimwomba fundi alifupishe. Nina kutembea kwingi humu ndani."

Meza zikapigwa kwa shangwe, na kuanzia siku hiyo mjomba akawa anapewa pongezi kwenye kila korido. Fundi, umebuni. Fundi, hiyo ndiyo fasheni. Alijibu asante huku macho yakiwa sakafuni. Kantini akaihama, chakula akawa anakipapasa tu, na ule ulimi wake tukautafuta tusiuone. Mtu akikutukana una la kumjibu, lakini huyu mama alikuwa amemsitiri.

Mwisho alikwenda ofisini kwa mama na tepu yake, kumwomba radhi na kumpima upya. Kilichotokea huko alikisimulia mara moja tu, mezani, bila kututazama.

Mama alisimama katikati ya chumba. Mjomba akapiga magoti kupima urefu wa chini.

"Fundi, nani alikwambia sitapata?"

"Watu walikuwa wanasema, Mheshimiwa."

"Siku ile nilitoka kwako nikaenda moja kwa moja kwa katibu kuliondoa jina langu. Nilisema, kama hata fundi anajua, mimi nang'ang'ania nini? Nikakuta pamefungwa, katibu ametoka. Nikarudi nyumbani, na kesho yake ikawa kura. Ndiyo maana unaniona hapa."

Mjomba alibaki palepale chini. Anasema angemfokea ingekuwa nafuu. Mama alinyoosha mikono tu, kama wanavyofanya watu wote wanaopimwa, akauliza, "Nisimame hivi, au vipi?"

Mjomba akasema hivyohivyo inatosha, na namba aliyoisoma kwenye tepu ikabidi aisome tena, maana mara ya kwanza hakuiona.