Karai la Babu

Nilikuwa nachambua mlenda jikoni kwangu, mtaa wa Kikuyu, simu ilipolia. Alikuwa binti yangu, anayefanya kazi ofisi moja kule Mtumba, kwenye mji wa serikali.

"Mama, nitachelewa. Mwizi ameingia kwenye kompyuta yangu kwa njia ya mtandao. Wanasema mimi ndiye niliyemfungulia, naweza kufukuzwa."

"Si uizime uje nyumbani?"

"Nikiizima, nyayo zake zitapotea."

Nyuma yake sauti ya mwanamume ikafoka: "Binti, zima hilo dude! Lifutwe, tuanze upya!"

"Bosi, waya wa mtandao nimeshauchomoa, hawezi kuvuka kwenda kwenye kompyuta nyingine. Naomba isiguswe mpaka mafundi waje." Kisha akaninong'oneza, "Mama, si unakumbuka karai la babu?"

Nalikumbuka. Baba yangu alipoibiwa ng'ombe, kabla hata ya kupiga yowe alifunika unyayo wa mwizi kwa karai ili upepo usiufute, akaketi kando yake hadi wafuatiliaji walipofika.

Binti aliporudi alinisimulia: naye aliketi kando ya kompyuta. Mafundi wakazikuta nyayo: mwizi aliingia kutoka nje, kwa neno la siri la bosi mwenyewe. Bosi akamnunulia soda, bila maneno mengi.

Mimi hupiga deki kwanza, maswali baadaye. Namshukuru Mungu mtoto huyu alimfuata babu yake kwa tabia.

Nikapakua ugali wa uwele na mlenda, nikahesabu vichwa mkekani. Wote walikuwapo, na kazi ya binti yangu ilikuwapo.