Injini Haina Haya

Nakumbuka siku moja ya Ramadhani, mwanangu, nikiwa bado mke kijana pale Mchafukoge. Mimi na mume wangu Rashidi tulikuwa tukiuza juisi ya miwa pembeni ya duka la vitambaa la Mzee Nassor. Mashine yetu ya kukamulia ilikuwa na injini ndogo ya petroli, ile ya kuvuta kamba, na ndiyo iliyotulisha.

Rashidi aliitunza injini ile kuliko alivyonitunza mimi, na hilo nalisema nikitabasamu kidogo tu. Kila asubuhi, kabla hajaivuta, alipima oili. Kiangazi, vumbi la Kariakoo linapoingia mpaka kwenye meno, alifua sponji ya kichujio cha hewa kwa sabuni na kuianika kivulini. Masika alikausha plagi kwa kitambaa. Tukienda kuuza Kivukoni, kwenye upepo wa bahari, siku za sikukuu, alirudi akaipangusa kwa tambara lenye oili, maana chuma na chumvi havipikiki chungu kimoja.

Aliyetuuzia injini alikuwa Mzee Athumani, fundi wa Ilala. Siku ile ya kwanza alimtazama Rashidi anavyochekacheka na kila mpita njia, akamwambia, "Kijana, wewe una haya, na haya ni tabia njema. Lakini injini haina haya. Ikizimika kwa kukosa mafuta, iache ipoe mpaka uweze kuigusa, ndiyo utie. Nani anangoja, hayo yasikuhusu."

"Sawa, mzee," Rashidi akajibu. Na kweli alilishika neno lile. Injini ikizimika alikaa kwenye ndoo yake na kuwaambia wateja, "Ngojeni ipumue." Watu walimcheka, nao wakangoja.

Siku hiyo ya Ramadhani adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia. Foleni ilifika mpaka mlango wa pili wa duka, kila mtu na chupa yake ya kupelekea watu nyumbani. Injini ikakohoa, ikazima. Rashidi akavuta ndoo akae.

"Ngojeni ipumue kidogo."

"Ipumue nini, bwana?" akasema mmoja wa nyuma. "Watu tuna swaumu."

Mzee Nassor naye, aliyetupa kibaraza chake bila kudai chochote, akasema kwa upole, "Rashidi baba, tumalizie basi. Adhana hiyo."

Mimi nilikuwa nakata ndimu. Nikamwona mume wangu anawatazama wale watu, anamtazama mzee wa watu, na haya zikamshinda. Akafungua mfuniko wa tangi, akamimina. Mkono ulikuwa na haraka, petroli ikamwagikia ekzosi iliyokuwa bado moto, ikawaka na kumrukia.

Mzee Nassor ndiye aliyemviringisha kwa jora zima la pamba kutoka dukani. Moto ulizimika upesi. Lakini ulikuwa umeshakula kifua na shingo, na Rashidi hakutoka wodini akiwa hai. Mzee Nassor alilia msibani kama aliyefiwa na mwanawe. Mimi nilimkasirikia Rashidi. Mpaka leo namkasirikia, Mungu anisamehe.

Haraka haraka haina baraka, mwanangu, hata foleni nzima ile iliijua methali hiyo. Rashidi aliweza kuitunza injini kwenye vumbi, kwenye mvua na kwenye chumvi. Kuitunza mbele ya watu ndiko kulikomshinda.

Basi nakuusia, wewe uliyenunua injini yako, iwe ya jenereta au ya pampu. Ioshe, ipime oili, ifunike ikiwa imelala. Lakini ikizimika, watu wakakuzunguka, tena watu wazuri unaowaheshimu, vuta ndoo ukae. Watanuna. Mwache anune anayenuna. Magharibi ile adhana ilipolia, wateja wetu walifuturu kwa maji ya bomba, na hakuna hata mmoja aliyedhurika kwa kukosa juisi.

Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, na akupe uso mkavu wa kusema "ngojeni". Amina.