Lete Kipande

Fundi wa sare za shule alikuwa na duka la mlango mmoja, kati ya kinyozi na muuza viatu, na watu wote walimwita Bibi Pindo. Ukikutana naye njiani, macho yake yalianzia chini, kwenye pindo la nguo yako. Likiwa limekwenda upande, salamu ilisubiri kwanza akwambie. Wapo waliovuka barabara wakimwona. Alijua, na hakujali hata kidogo.

Utaratibu wake wa kazi haukuwa na mjadala. Ukimpelekea kitambaa, alikata kipande kidogo pembeni, kisha akakipasua katikati kwa mkasi uliopanda na kushuka apendavyo siku hiyo. Nusu alikupa wewe, nusu aliibana kwa pini kwenye nguo yako. Siku ya kuchukua, hata ulie machozi, kama huna kipande kinachoingiliana na kile chake, nguo hutoki nayo. Hii ni kwa sababu zamani mwanamke mmoja mwenye maneno matamu alijitambulisha kuwa dada wa bibi harusi, akaondoka na gauni, na bibi harusi wa watu akaolewa na gauni la kuazima lililomfika magotini. Tangu siku hiyo Bibi Pindo hakuamini sura wala machozi. Aliamini vipande.

Alikuwa na mjukuu wa kike, darasa la sita, ambaye kwa utani alimwita mke mwenza. Mtoto huyo alipopewa simu ya zamani ya mama yake, bibi hakumkalisha chini kumhubiria. Alisubiri Jumamosi, benchi la dukani likiwa limejaa watoto wanaongoja kupimwa, akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Sikilizeni, nyie. Humo kwenye simu kuna watu wazuri, na kuna wenye maneno matamu. Picha utaiona, lakini picha si mtu. Akikwambia katumwa na mimi, sijui na mama, sijui na mwalimu, mtamwambiaje?"

"Alete kipande!"

"Hana je?"

"Nguo hatoki nayo!" Benchi zima lilipiga kelele mpaka kinyozi akachungulia, mashine mkononi.

"Na akisema usimwambie mtu, siku hiyo hiyo mnaniambia mimi. Sigombi. Nikigomba, nitoboleni na sindano."

Wiki mbili baadaye, mchana, mke mwenza aliingia dukani mbio, simu ameishika kwa mikono miwili, viatu vimejaa vumbi. Kuna mtu alikuwa amemwandikia. Alimwita kwa jina lake, akaitaja shule yake, akasema ni rafiki wa bibi fundi, katumwa kuandaa zawadi. Basi amtumie picha na amwambie akitoka shule hupita njia ipi, ila mama asijue, wanataka kumshtukiza.

"Ukamjibu nini?" Bibi alikuwa ameshika kifua.

"Nikamwambia lete kipande."

"Enhe?"

"Akauliza, kipande gani tena? Nikamwambia basi nguo hutoki nayo. Nikambloki."

Bibi Pindo alipiga kigelegele kilichomfanya kinyozi aharibu kichwa cha mteja. Alimkumbatia mtoto, akatoka naye barabarani, akamsimulia muuza viatu, akamsimulia kinyozi, akamsimulia na mteja mwenye nusu kichwa. Furaha ilimjaa hata akasahau kwamba sufuria lake lilikuwa motoni huko nyuma.

Waliporudi ndani, mtoto aliuliza, "Lakini bibi, jina langu kalitoa wapi? Na shule? Mimi sijamwambia mtu."

Bibi akatafuta miwani yake mezani. Aliivaa, akafungua ukurasa wa duka lake kwenye simu, ule aliokuwa akijivunia kuliko cherehani yenyewe. Picha zilijipanga: watoto wa watu wanatabasamu ndani ya sweta mpya, nembo ya shule kifuani, na chini ya nembo, kwa uzi wa njano, jina kamili la kila mmoja, darizi safi isiyo na doa. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mke mwenza. Chini yake alikuwa ameandika mwenyewe: mjukuu wangu, bibi yake ndiye fundi.

Na hapo hapo mama wa mtoto, muuguzi, akaingia na sare zake za kazi. Habari ilikuwa imeshamfika kupitia mke wa kinyozi.

"Nipe hiyo simu! Umeongea nini na watu usiowajua? Hupati tena simu, na Jumamosi huji huku!"

Mtoto alimpa simu. Alimtazama bibi yake. Na bibi akaona wazi kwamba akinyamaza, mtoto huyu ataadhibiwa kwa kusema kweli, na siku nyingine hatasema.

"Mwache," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Jina lake nimelitangaza mimi. La kwake na la watoto wa watu. Nilitaka darizi yangu ionekane." Alimgeuzia simu. Aibu ilimchoma masikio. "Mwenye kosa ndiye huyu hapa. Huyu mtoto kafanya kila kitu sawasawa."

Muuguzi alizitazama zile picha, moja baada ya nyingine. Kisha akamrudishia mtoto simu yake.

Jumamosi iliyofuata Bibi Pindo aliungama mbele ya benchi zima, wazazi wakiwa wamesimama mlangoni. Picha alikuwa amezifuta zote. Watoto walimtafutia sindano wamtoboe, akakimbia kuzunguka meza huku analalamika kwamba sheria ile ilihusu kugomba tu. Halafu wakakaa kufumua nyuzi za njano, majina yakahamia ndani ya kola, na muuguzi akafumua nyingi kuliko wote.

Mwezi mmoja ukapita. Jioni moja, mtoto akiwa dukani, ujumbe uliingia kutoka namba ngeni: "Mwanangu, simu yangu imezima, nimeazima. Mwenzangu wa kazini atapita kukuchukua na gari."

"Huyo mama yako kabisa," bibi alisema. "Namjua anavyoandika. Vaa viatu."

"Yule naye alijua jina langu, bibi."

Bibi akavirudisha viatu chini ya benchi.

Gari lilisimama. Mwanamke mwenye sare za uuguzi akashuka, akatabasamu. Mtoto hakutoka mlangoni.

"Lete kipande," alisema.

Mwanamke aliingiza mkono mfukoni, akatoa pamba, akaifungua. Ndani yake kulikuwa na kipande cheupe cha sare ya hospitali. "Mama yako kasema nusu nyingine iko kwenye mkoba wako wa shule. Kaishona huko mwenyewe, chini kabisa."

Mtoto alipekua mkoba mpaka akaipata. Mshono wenyewe ulikuwa umekwenda upande vibaya sana. Aliviweka vipande juu ya meza, vikaingiliana.

Bibi Pindo aliutazama ule mshono, machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema neno juu ya pindo la mtu.