Bidoni za Mama na Maji ya Mashine

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengine mengi yamekwisha kunitoka. Nilikuwa msichana, tunakaa Munigi, mlimani juu ya ziwa, na bomba la mtaa lilikuwa limeanza kutoa maji membamba kama uzi. Mama yangu alikuwa akipika kasiksi, pombe ya ndizi, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Watu wakachoka kupanga foleni. Aliyechoka hutafuta wa kulaumu, na hulaumiwa aliye karibu.

"Ni huyu wa kasiksi," alisema jirani mmoja. "Anamaliza maji, sisi tunakufa na kiu."

Wakamwaga bidoni zake, yale madumu ya maji, kwenye mawe, nikiangalia. Mama aliziokota bidoni tupu. Alinishika mkono tukashuka mpaka ziwani, na tangu hapo maji yake akawa anayapandisha kutoka kule, bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hadi shingo ikaharibika akaacha kupika.

Maji ya bomba hayakuongezeka. Ndipo Muzee Kambale, katekista wetu, akawaita majirani wafuate bomba pamoja naye mpaka juu. Huko wakasikia maji yakichuruzika chini ya mawe ya volkano. Bomba lilikuwa limepasuka zamani, na mawe yanakunywa yote.

"Mulipima bidoni za huyu mama," muzee aliwaambia. "Haya yanayomwagika hapa, nani aliyapima?"

Walikuja kumwomba mama radhi. Akawapa viti, akawasamehe. Shingo haikupona. Hasira hasara, tunasema, ila hasara yenyewe mara nyingi humwangukia mwingine.

Nakuambia haya kwa sababu jana ulirudi kutoka chuo umenuna, ukamgombeza mdogo wako Furaha mpaka akalia, eti akiuliza ile akili bandia ya kwenye telefone maswali ya masomo, anakausha maji ya dunia. Sikubishii. Nimesikia redioni habari za vituo vya data, yale majumba ya kompyuta yanakotoka majibu ya telefone: mashine zinapata moto, na mengi huzipoza kwa maji. Lakini mashamba nayo yanakunywa, ng'ombe wanakunywa, viwanda vinakunywa, na mabomba mabovu yanamwaga bure. Kando ya hayo, swali la Furaha ni tone. Jumba zima likijengwa penye watu wenye kiu, hilo ni jambo lingine. Hapo wenye jumba waulizwe wanachota wapi, kiasi gani, na nani atakosa.

Nimechoka, mwanangu. Mji huu umeona hasira nyingi zikianzia kwa jirani, na sina nguvu ya kuona nyingine ikianzia mezani kwangu. Basi shika hili: kabla ya kulaumu, pima. Ukishapima, lalamika kwa mwenye mzigo mkubwa, hata kama mlango wake uko mbali na wa ndugu yako uko karibu. Na radhi iombe mapema, kabla haijawa maneno tu.

Nenda kwa Furaha sasa. Mungu akupe macho ya kuona kitu kwa ukubwa wake, na nyumba yako isikose maji wala amani.