Skrubu Niliyosahau Kuipaka

Mjomba wangu, mkulima wa mahindi nje ya Kitale, ana bunduki moja ya kulengea shabaha, na leseni yake ina jina lake peke yake. Kwa hivyo bunduki haingeweza kulala kwangu Bungoma, ninakotengeneza meza na viti. Ilibidi niende kwake na patasi zangu, naye akae kando yangu mpaka nimalize. Kwangu hayo yalikuwa mateso. Kazi nimejifundisha kwa video na kwa kukosea, na kukosea huwa nafanya mlango ukiwa umefungwa.

Swali lake lilikuwa moja: mbona risasi ya kwanza inapiga katikati, halafu zinazofuata zinahama polepole kwenda kulia? Tulihakikisha kwanza kwamba bunduki iko tupu. Kisha nikapitisha kipande cha gazeti kati ya mtutu na mbao iliyoubeba. Kiliteleza vizuri, halafu kikakwama upande wa kushoto. Nilifurahi kama niliyeokota kitu.

"Yaani mbao ndiyo inanisukumia risasi?"

"Inasukuma mtutu ukipata moto, Mjomba. Na nadhani msimu wa mvua inazidi, mbao ikivimba."

"Na mimi nilikuwa nalaumu macho. Nimenunua hata miwani, bana!"

Nikazungushia msasa kwenye mpini wa ufagio, nikasugua mfereji ule wa mbao mpaka karatasi ikapita bila kugusa popote. Ningeishia hapo. Lakini nilipolegeza skrubu mbili zinazoshika chuma cha bunduki kwenye mbao, chuma kilicheza kidogo, kama meza iliyosimama kwenye sakafu mbaya. Dawa yake ni gundi nzito ya kuchanganya: unaipaka kwenye mbao, unakalisha chuma juu yake, ikikauka inabaki na umbo la chuma chenyewe. Sharti ni chuma na skrubu vipakwe polishi ya viatu kwanza, ama gundi itavishika visitoke tena.

"Hiyo ni ya viatu vya kanisa," Mjomba alisema. "Usimalize."

Jioni aliifungia bunduki kwenye kabati la chuma, gundi ikiwa bado mbichi, nami nikashika njia ya nyumbani. Nilikuwa nimefika Kiminini nilipojiuliza: skrubu ya nyuma niliipaka? Ya mbele nilikumbuka. Ya nyuma sikuiona popote kichwani.

Sikupiga simu. Nakiri kwamba mpaka Bungoma nilikuwa natunga maneno ya kuilaumu gundi, kwamba labda ilikuwa feki. Nilitunga vizuri, hata nikaanza kuyaamini. Asubuhi nilipompigia, maneno hayo yote yalikataa kutoka.

"Mjomba, nadhani nimegandisha bunduki yako."

"Ati?"

"Skrubu ya nyuma. Nilisahau polishi."

Nilisikia kuku wake. "Sasa itatoka ama haitoki?"

"Sijui."

"Basi kuja tuone. Sijaigusa."

Skrubu ya mbele ilitoka kwa vidole. Ya nyuma ilikataa katakata. Nilikuwa nimesoma kwamba joto hulainisha gundi hiyo, kwa hivyo nikashikilia kwenye kichwa cha skrubu kile chuma cha umeme cha kulehemu redio, huku nikihesabu pumzi zangu. Mjomba naye alishikilia mbao, ameinamisha uso karibu na wangu. Skrubu ilitoa mlio mdogo, ikazunguka. Chuma kilipoinuka, kilimegua kipande cha gundi ukubwa wa punje ya mchele.

"Nitatoa yote nianze upya," nilisema.

"Wewe hutaanza kitu. Twende uwanjani."

Tukakaza skrubu tena, na kule uwanja wa shabaha alilala kifudifudi, akapiga tano. Nne zilikaa pamoja, ningezifunika kwa kizibo cha soda. Ya tano ilikuwa nje, upana wa kidole.

"Hiyo ni mimi," alisema haraka. "Nilipepesa jicho."

Huenda ni kweli. Huenda pia alikuwa ameuona uso wangu.

"Piga tano zingine, Mjomba."

"Za nini? Si imenyooka?"

"Nataka kujua kama ni wewe ama ni kile kipande."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na ikiwa ni kipande?"

"Basi ni mimi."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akalala tena chini.