Kumi na Kumi

Husni wa mtaa wa Wiyoni alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kabla ya kuingia kwenye kazi ya kutengeneza filamu za watoto. Filamu zenyewe hazizidi dakika tatu. Hupiga picha moja moja za vifungo au majani, akaziunganisha mpaka zicheze, kisha akazitilia muziki usiotoka kwenye ala yoyote: mswaki ukisugua kopo, bawaba ikilia, pumzi ya mtu iliyopunguzwa mwendo. Kipindi kimoja cha elimu kwenye televisheni kilizipenda. Jamaa zake walimuuliza kama hiyo nayo ni kazi.

Jirani yake, Bi Rumaisa, alikuwa mjane mzaliwa wa kisiwa cha Ndau, msusi wa mikeka. Alasiri moja Husni alimwomba amwache arekodi kwa simu yake mchakacho wa miyaa, yale majani makavu ya mkoma, ikisukwa. Bi akakubali, akaendelea kusuka, akaisahau ile simu iliyolala miguuni pake. Akawa anahesabu chane zake, vile vipande vyembamba vya miyaa, kwa sauti, kama alivyozoea: "Kumi na nane, kumi na tisa, kumi na kumi, kumi na kumi na moja." Hakupata kusoma, na hesabu ile ilimtosha, mikeka yake haikuwahi kwenda upande.

Husni aliposikiliza nyumbani, miyaa ikamtoka akilini. Aliikatakata sauti ya Bi akihesabu, hapa akaifanya nyembamba, pale nzito, akaiwekea chane za rangi zinazojipanga na kuporomoka kila ifikapo kumi na kumi. Hakuwahi kutengeneza filamu nzuri kama ile. Alijua yampasa arudi kuomba ruhusa ya kuitumia sauti ile. Akajiambia kesho, kesho, mpaka filamu ikatoka.

Haikupita wiki, watoto wakawa wanamfuata Bi Rumaisa kichochoroni wakiimba kumi na kumi na kujiangusha kwa kicheko. Akaenda kubisha kwa Husni.

"Mwanangu, ile sauti ya kwenye televisheni ni yangu?"

"Hapana, Bi. Ile ni mashine tu."

Bi alimtazama kidogo, akasema, "Haya," akarudi kwake. Tangu siku hiyo hakusuka tena mlangoni. Husni naye akawa akipita pale huinamisha uso, na kila aliposifiwa kwa filamu ile alitamani ardhi immeze. Msikitini alijificha safu ya nyuma.

Ijumaa moja, baada ya swala, miguu yenyewe ilimpeleka kwa Bi Rumaisa. Alisimama kizingitini akaeleza yote, hata ule uongo.

"Naliyua siku iyo iyo," Bi alisema, macho yakiwa kwenye ukili aliokuwa akiusuka. "Sauti yangu naiyua. Nali nangojea uye unambie."

Husni akaomba radhi. Bi akasema amemsamehe, na uongo ni baina ya Husni na Mola wake. Kisha akauliza taratibu:

"Kumi na kumi si ishirini? Mbona wewe mwalimu hukuwambia wana?"

Husni aliwaandikia wenye kipindi waiondoe filamu, nao wakaiondoa kwa kunung'unika. Akapita nyumba hadi nyumba kuwaambia wazazi alilolitenda; wengine walimcheka. Watoto walichukua miezi kunyamaza.

Siku hizi Bi Rumaisa humjulia hali na kumuulizia wanawe. Ila anasukia ndani, na Husni akiingia, Bi huacha kuhesabu mpaka mgeni atoke.