Konzi ya Nasimiyu

Mke wangu Nasimiyu aliuza maharagwe katika soko la Nakuru nikiwa kibarua wa reli. Miaka ya hamsini hiyo. Tulikuwa tumepatana: biashara ikikataa, arudi Kimilili akalime, mimi nibaki landi, kwenye nyumba za reli, peke yangu. Sikutaka arudi.

Kwao ukishampimia mtu kopo, unamwongezea konzi moja. Usipoongeza, wewe ni mchoyo.

Jelagat alitoka upande wa Rongai na kibuyu cha maziwa, abadilishane na maharagwe. Wenzake wa Rongai walimfuata yeye. Akinunua wananunua, akiondoka wanaondoka. Siku hiyo nilikuwa nimesimama hapo. Nasimiyu akapima, akaongeza konzi.

"Hii ya mkono ni ya nini?" Jelagat akauliza.

"Nyongeza, mama."

"Kumbe kopo halikujaa."

"Limejaa."

"Limejaa, na unaongeza? Ni kile uliiba unarudisha."

Wale wa Rongai wakaanza kukunja mifuko yao. Nikaiona Kimilili.

Nasimiyu akachungulia kibuyu. "Na wewe, hayo umebakisha huko chini unamfichia nani?"

"Kwetu kibuyu hakimalizwi. Ng'ombe wa baba atakauka."

"Na mimi nisipoongeza, mama yangu atanikana. Sasa mwizi ni nani hapa?"

Mtu akacheka. Jelagat hakucheka.

Nasimiyu akampa kopo. "Pima mwenyewe."

Jelagat akajaza, akasawazisha kwa kiganja, akamwaga mfukoni mwake.

"Haki yako imetimia?"

"Imetimia."

"Haya. Biashara imeisha." Ndipo Nasimiyu akachota konzi. "Hii si ya kopo. Ni ya watoto wako. Utawakatalia?"

Jelagat akafungua mfuko. Naye akajaza kopo maziwa mpaka ukingoni, na kibuyuni yakabaki.

"Hayo mpelekee ng'ombe wa baba," Nasimiyu akasema. Hapo Jelagat akacheka mpaka akaketi juu ya gunia. Wale wa Rongai wakafungua mifuko.

Nasimiyu hakurudi Kimilili. Tulikaa naye Nakuru mpaka mwezi uliopita.

Matangani Jelagat alikuja na fimbo na kibuyu. Akanijazia kikombe, akabakisha kama kawaida yao. Nikanywa kidogo. Akaniangalia, akainamisha kibuyu tena, akatia tone.

"Hiyo ni konzi ya Nasimiyu, mzee."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike.